Umenunua kitu kwenye mnada wa hisani Marekani? Jinsi ya kujua kama kuna makato ya kodi

Kila msimu wa kodi ukifika swali hili linarudi kwa sisi tunaoishi Marekani. Mtu alialikwa kwenye chakula cha jioni cha kuchangia shule ya watoto au kanisa au hospitali, pakawa na mnada, akanyanyua kibao chake cha namba akachukua wikendi ya hoteli kwa dola 650, sasa ni Machi amekaa na makaratasi anafaili ritani anajiuliza hii 650 si nimechangia hisani, naikata yote kwenye kodi? Hapana, siyo yote. Unachoruhusiwa kukata, maana yake kukitoa kwenye kipato kinachotozwa kodi, ni ziada peke yake, yaani kile ulicholipa juu ya bei ambayo kitu hicho kingeuzwa sokoni, na hata hiyo ziada inakubalika pale tu ambapo ulijua kwamba unalipa zaidi ya thamani ya kitu. Hilo la kujua ndilo linawaangusha watu wengi, na ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa chini ni za kabla ya mnada.

Mliokulia kwenye makanisa ya nyumbani mnaujua mnada wa baada ya ibada, mama kaleta kuku na mkungu wa ndizi kama sadaka, mzee wa kanisa anasimama nje ananadi, trei ya mayai inapanda mpaka mara tatu ya bei ya dukani na kila aliyesimama pale anajua bei ya mayai ni ngapi, anayeongeza dau anaongeza kwa sababu anataka kutoa. Sheria ya kodi ya Marekani inautazama mnada wa hisani hivyohivyo: bei ya mayai ni manunuzi, kilichozidi ni mchango. Ukishika hilo mengine yote yanaeleweka.

Nazungumzia kodi ya serikali kuu, ile inayokusanywa na IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani. Majimbo yana sheria zao na zinatofautiana, hilo muulize anayekujazia ritani.

Hatua ya 1: Angalia kwanza kama makato yana faida kwako

Hii naiweka mbele makusudi kwa sababu watu wanatunza risiti mwaka mzima halafu mwisho wa siku hazikuwasaidia kitu. Ukifaili ritani Marekani unafuata njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni makato ya mkupuo, ile wenyewe wanaita standadi, unapewa bila kuulizwa risiti yoyote. Kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 15,750 kwa anayefaili peke yake, 31,500 kwa wanandoa wanaofaili pamoja na 23,625 kwa mkuu wa kaya, mfano mama asiye na mume anayelea watoto. Ya pili ni kuorodhesha makato yako moja moja kwenye fomu ya Schedule A: riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya jimbo na ya kumiliki nyumba (siyo ya pango), matibabu yakipita kiwango fulani, na michango ya hisani. Kwa 2025 ziada ya mnada inaingia kwenye njia hii ya pili tu.

Kwa hiyo piga hesabu ya haraka. Kama umepanga, huna mkopo wa nyumba, mshahara wa kawaida, basi karibu hakika orodha yako haifiki mkupuo na ile barua ya mnada haitakupunguzia hata senti kwa 2025. Kama una nyumba ya mkopo na uko jimbo lenye kodi kubwa, hesabu upya hata kama miaka ya nyuma haikufaa, kwa sababu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilipandisha ukomo wa kodi za jimbo na za nyumba unazoweza kuorodhesha kutoka dola 10,000 hadi 40,000, na hapo familia nyingi ambazo zilikuwa zinachukua mkupuo zinaweza kujikuta orodha imeupita.

Sheria hiyohiyo imebadilisha mambo mawili kuanzia mwaka wa kodi 2026 na yote yanagusa minada. La kwanza ni zuri kwa wengi wetu: hata usipoorodhesha, unaweza kukata michango ya pesa kwa mashirika ya hisani ya umma mpaka dola 1,000 kwa mtu mmoja au 2,000 kwa wanandoa wanaofaili pamoja, juu ya mkupuo wako. Na ziada ya mnada ni mchango wa pesa, maana ulilipa pesa. La pili linawabana wanaoorodhesha: michango yao inaanza kuhesabika ikishapita nusu asilimia ya kipato chao cha mwaka, kile kinachoandikwa AGI kwenye fomu. Mwenye AGI ya dola 100,000, dola 500 za kwanza za michango hazihesabiki.

Halafu kuna kundi ambalo halikumbukwi kabisa, wanafunzi waliokuja kwa viza ya F-1. Miaka mitano ya kwanza ya kalenda mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida anahesabika kama siyo mkazi kikodi, anajaza fomu 1040-NR, na mtu wa 1040-NR haruhusiwi kuchukua mkupuo (wanafunzi wa India wana mkataba wao, sisi wa Kenya na Tanzania hatuna). Sasa kwa kuwa hana mkupuo, michango yake kwa mashirika ya hisani ya Marekani anaiorodhesha moja kwa moja na kwa mwaka 2025 inamsaidia kuanzia dola ya kwanza. Kijana anayefanya kazi maktaba ya chuo halafu akachangia kwenye mnada wa kanisa la pale mjini anaweza kunufaika kikodi kuliko daktari mwenye mshahara mkubwa anayechukua mkupuo. Kama una mdogo wako anasoma huko mwambie, kwa sababu wengi wao wanafaili kwa programu za bure za mtandaoni zinazowajazia 1040 ya kawaida na mkupuo ndani yake, na hilo ni kosa linaloweza kuja kuwasumbua hata kwenye mambo ya uhamiaji.

Hatua ya 2: Hakikisha anayenadi anatambulika

Ziada inakatwa kama tu pesa imekwenda kwa taasisi inayoruhusiwa kupokea michango yenye makato, na nyingi ya hizo ziko chini ya kifungu kinachoitwa 501(c)(3). Nenda irs.gov utafute huduma yao inayoitwa Tax Exempt Organization Search, andika jina la shirika au namba yake ya kikodi, EIN, utaona kama lipo na kama linapokea michango inayokatwa. Dakika mbili hivi. Makanisa na misikiti yanaweza yasionekane kwenye orodha kwa sababu sheria inayatambua bila kuyalazimisha kuomba, kwa hiyo kutoonekana kwa kanisa peke yake siyo tatizo.

Hapa niseme wazi maana ndipo sisi tunapochanganyana. Ule umoja wetu wa mji, wa Wakenya au Watanzania au Wakongomani, mara nyingi umesajiliwa kwenye jimbo kama shirika lisilo la faida, na viongozi wanatangaza kwa nia njema kabisa kwamba michango inakatwa kodi. Usajili wa jimbo na hadhi ya 501(c)(3) ni vitu viwili tofauti. Vyama vingine vimesajiliwa IRS kama klabu za kijamii, hivyo havilipi kodi vyenyewe lakini wewe ukichangia huna makato. Uliza EIN, kaangalie mwenyewe.

Mnada wa kuchangia msiba au matibabu ya mtu mmoja anayejulikana hauna makato, hata ukifanyika ukumbi wa kanisa na pesa ikapitia akaunti ya kanisa, kwa sababu mchango uliolengwa kwa mtu fulani unahesabika kama zawadi kwa mtu huyo. Tuendelee kusaidiana kwenye misiba kama tulivyozoea, kusafirisha mwili mpaka nyumbani ni gharama kubwa na hakuna familia inayoimudu peke yake, ila tusimwambie mtu atakata kodi halafu aje akataliwe.

Na pesa inayokwenda moja kwa moja kwenye shule Moshi au kituo cha watoto Kisumu pia haikatwi, shirika la nje haliwi la hisani kwa macho ya IRS kwa sababu tu linafanya kazi njema, wameacha nafasi finyu kwa Kanada, Meksiko na Israeli kwa mikataba. Kinachofanya kazi ni shirika lililosajiliwa Marekani kama 501(c)(3) ambalo lina kazi zake Afrika na bodi yake ndiyo inaamua pesa inakwenda wapi. Mnada wa shirika kama hilo uko sawa.

Hatua ya 3: Pata thamani ya vitu kabla dau halijaanza

Hii ndiyo hatua yenyewe. IRS wanasema anayenunua kwenye mnada wa hisani lazima aweze kuonyesha kwamba alijua thamani ya kitu ni ndogo kuliko alicholipa, na mfano wanaoutoa wao wenyewe ni katalogi: shirika linachapisha orodha ya vitu na makadirio ya thamani ya kila kimoja, linawapa wote wanaohudhuria, wewe huna sababu ya kutilia shaka yale makadirio, unalipa zaidi, tofauti inaweza kuwa mchango wako.

Sasa kivitendo:

- Siku mbili tatu kabla, andikia waandaaji uombe katalogi au linki ya vitu vitakavyonadiwa. Siku hizi minada mingi inaendeshwa kwa programu za simu na kila kitu kina sehemu imeandikwa thamani. Piga skrinishoti, hasa ya vitu unavyovitaka.
- Kwenye mnada wa kimya, ule wa karatasi mezani watu wanaandika dau lao, juu ya karatasi mara nyingi thamani imeandikwa. Ipige picha kabla ya kuandika jina lako, karatasi zile zinakusanywa na kutupwa usiku huohuo.
- Kama hakuna thamani popote, uliza meza ya waandaaji kabla hujaongeza dau na uombe wakuandikie hata kwa meseji.

Kile kipengele cha kutokuwa na sababu ya kutilia shaka kisikupite. Kama katalogi inasema baiskeli ina thamani ya dola 50 na wewe unaona kabisa ni baiskeli ya 500 dukani, huwezi kujificha nyuma ya katalogi. Jezi yenye saini ya mchezaji thamani yake ni ile jezi zenye saini kama hiyo zinavyouzwa, siyo bei ya jezi tupu dukani.

Vipo vitu ambavyo havina bei dukani, mfano mtoto wako kuwa mwalimu mkuu kwa siku moja, au tafrija ndani ya chumba cha makumbusho ambacho hakikodishwi. Waandaaji wengine wanaandika tu kwamba hakina bei na wanaishia hapo. Kanuni inawataka wakadirie kwa kulinganisha na kitu kinachofanana nacho, kwa hiyo kwa chumba cha makumbusho wanaangalia ukumbi wa hoteli wa ukubwa na hadhi ya karibu unakodishwa shilingi ngapi, yaani dola ngapi, wanaandika hiyo. Ukikuta kitu hakina thamani iliyoandikwa na wewe unategemea makato, wasukume kwa upole wakadirie, kwa sababu bila makadirio wewe ndiye utabaki na mzigo wa kuthibitisha.

Hatua ya 4: Usiku wa mnada, tenganisha kila dola unayotoa

Usiku mmoja unaweza kulipa aina nne za pesa na kila moja inahesabika kivyake, halafu mwisho kadi yako inakatwa mara moja jumla, ndipo mchanganyiko unapoanzia.

Tiketi ya kuingilia: unakata kilichozidi thamani ya chakula na burudani. Tiketi ya dola 150, chakula na muziki vinathaminiwa 60, mchango wako ni 90. Na usidhani kwamba usipokwenda unakata yote. Kama tiketi unayo mkononi na ilikuwa haki yako kuitumia, kutokwenda hakubadilishi kitu. Ukitaka 150 yote iwe mchango, waambie mapema kabisa hutaki tiketi, unatoa tu.

Vitu vya mnada: ziada tu, kama tulivyosema.

Kutoa bila kupokea: minada mingi inafika mahali mnadi anaacha kuuza vitu anaanza kuomba, nani atatoa 1,000 kwa ajili ya karo za watoto, nani 500, nani 100, vibao vinanyanyuka. Hapo hupokei chochote, kwa hiyo pesa yote ni mchango. Kwa kweli kama lengo lako ni kusaidia na unataka pia makato yaliyonyooka yasiyo na maswali, hapa ndipo mahali pa kuweka pesa yako nyingi, kuliko kugombania kikapu cha chokoleti. Mimi ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Bahati nasibu: tiketi za kuchezesha zawadi hazikatwi kabisa, hata moja, hata kama hukushinda. Umenunua nafasi ya kushinda, na hilo lina thamani yake.

Kodi ya mauzo wakikutoza juu ya kitu, hiyo nayo siyo mchango.

Na wazee waliotimiza miaka 70 na nusu wanaotoa kwenye akaunti zao za IRA, zile za akiba ya uzeeni, moja kwa moja kwenda kwenye hisani, msilipie vitu vya mnada kwa njia hiyo. Utaratibu ule unataka usipokee chochote, ukipokea kitu unaharibika.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Bei uliyolipa toa thamani ya soko. Basi. Ila mifano inasaidia.

Wikendi ya hoteli, katalogi imeandika 400, umelipa 650. Ziada 250. Huo ndio mchango wako, na kumbuka makato yanapunguza kipato kinachotozwa kodi, siyo kodi yenyewe, kwa hiyo ukiwa kwenye daraja la asilimia 22 unaokoa dola 55. Watu wengine wanadhani serikali itawarudishia 250, hapana.

Sinia la pilau na kuku la watu kumi lililopikwa na mama mmoja wa kanisani, thamani 120 maana ndiyo bei ya kuagiza chakula kama hicho, limenadiwa mpaka 300. Ziada 180.

Kadi ya zawadi ya duka yenye dola 100 ndani, umeinunua 100. Hakuna ziada, hakuna mchango. Ungeinunua 140, mchango 40.

Mchoro uliothaminiwa 500 umeupata kwa 350. Hapo umepata bei nzuri, makato hakuna.

Safari ya kwenda ufukweni iliyokuwa na thamani ya 2,000, umelipa 2,600, halafu vocha ikaisha muda hukusafiri. Mchango ni uleule 600. Thamani inapimwa siku uliyonunua, kwamba hukuitumia hakuongezi mchango.

Hatua ya 6: Barua, na barua iwe sahihi

Kwa mchango wowote wa pesa, hata dola 5, lazima uwe na rekodi ya benki au kadi, au maandishi kutoka kwa shirika yenye jina lake, tarehe na kiasi. Pesa taslimu uliyodondosha kwenye kapu bila karatasi haihesabiki.

Ukilipa zaidi ya dola 75 na ukapokea kitu, shirika linatakiwa na sheria likupe maandishi yanayokuambia kwamba unachoweza kukata ni kilichozidi thamani ya ulichopokea, na likukadirie thamani hiyo. Hapa wanaangalia jumla uliyolipa, siyo ziada. Ukilipa 100 na kitu kina thamani 40, ziada ni 60 lakini maandishi bado wanadaiwa kwa sababu 100 imepita 75.

Mchango wako ukifika dola 250 au zaidi unahitaji barua rasmi ya shirika, rekodi ya benki peke yake haitoshi. Barua iseme jina la shirika, kiasi ulichotoa, kama ulipokea kitu au hukupokea, na kama ulipokea, ni kitu gani na makadirio ya thamani yake. Barua nyingi za shukrani zinakuja na maneno matamu na jumla tu, asante kwa ukarimu wako wa dola 1,650, bila kutenganisha kitu ulichonunua na pesa uliyotoa bure. Barua ya hivyo rudisha. Waandikie kwa heshima uwaombe wakuandikie upya wakitenganisha, kwa mfano: wikendi ya hoteli, umelipa 650, thamani 400, mchango wa karo 1,000, hakuna ulichopokea.

Na muda una maana kuliko watu wanavyofikiri. Barua hiyo lazima uwe nayo mkononi kabla ya siku unayofaili ritani, au kabla ya siku ya mwisho ya kufaili pamoja na muda wa nyongeza kama umeomba, inayotangulia kati ya hizo. Mwaka 2012 mahakama ya kodi ya Marekani iliwanyima wanandoa makato ya zaidi ya dola 20,000 walizokuwa wametoa kanisani kwao kweli kabisa, hundi zipo, kanisa lilikiri kupokea, kosa ni kwamba barua ya kwanza haikusema kama walipokea kitu au la, wakaenda kuomba ya pili iliyokamilika lakini ilikuja wakati muda umeshapita. Pesa ilitoka, imani ilikuwepo, sentensi moja haikuwepo. Hiyo kesi naikumbuka kila ninapoona mtu anatupa barua ya kanisa kwenye droo bila kuisoma.

Hatua ya 7: Kuijaza kwenye ritani

Ziada ya mnada inaandikwa pamoja na michango ya pesa na hundi kwenye Schedule A, kwenye fomu za miaka hii ni mstari wa 11. Andika ziada tu, siyo bei uliyolipa. Ukitumia programu ya simu au kompyuta itakuuliza umetoa pesa au vitu, chagua pesa. Kwa kawaida michango ya pesa ina ukomo wa asilimia 60 ya AGI, kinachozidi unakibeba miaka mitano mbele, wengi wetu hatufiki huko.

Mwaka unaohesabika ni wa kulipa. Ukiahidi Desemba ukalipa Januari, mchango ni wa Januari. Ila kadi ya mkopo ikikatwa Desemba 31, ni ya Desemba hata kama bili ya kadi utailipa Februari. Minada mingi iko Novemba na Desemba kwa hiyo angalia tarehe iliyoko kwenye steitimenti.

Tunza katalogi, skrinishoti, barua na steitimenti mahali pamoja kwa angalau miaka mitatu baada ya kufaili. Kama kipato chako siyo kikubwa na huna wa kukusaidia, tafuta kituo cha VITA karibu nawe (ni kifupi cha jina la mpango wa IRS), ni watu wa kujitolea waliofundishwa, wanajaza ritani bure, na kwenye miji yenye watu wetu wengi si ajabu kukuta anayeongea Kiswahili.

Kama wewe ndiye uliyetoa kitu kinadiwe

Huku sheria ni kali zaidi na inaumiza hasa mafundi na wasanii. Dada msusi akitoa vocha ya kusuka yenye thamani ya dola 200, yeye hana makato, kwa sababu muda na kazi ya mikono yako havikatwi. Aliyenunua vocha anaweza kukata ziada yake, msusi hawezi, labda gharama za nywele alizonunua kwa kazi hiyo. Mwenye nyumba ya mapumziko akitoa wiki moja ya kukaa, hana makato pia, kutoa matumizi ya kitu siyo kutoa kitu. Mchoraji akitoa mchoro alioufanya mwenyewe anakata gharama ya turubai na rangi tu, hata kama umenadiwa maelfu. Na wewe uliyenunua picha ya Tingatinga pale Oysterbay miaka hiyo kwa dola 80, leo ina thamani 600, ukiitoa ikanadiwe unakata 80, kwa sababu shirika linaiuza badala ya kuitumia kwenye kazi zake. Nguo na vyombo vya nyumbani viwe katika hali nzuri. Jumla ya vitu ulivyotoa kwa mwaka ikizidi dola 500 unajaza Form 8283, na kitu kikizidi 5,000 kwa kawaida kinahitaji mthamini anayetambulika.

Kama wewe ndiye mwandaaji

Makamati ya makanisa na shule zetu, hili ni lenu. Msipowapa wanunuzi yale maandishi ya zaidi ya dola 75, faini ni dola 10 kwa kila mchango mpaka 5,000 kwa tukio moja. Lakini faini ndiyo ndogo, kubwa ni kwamba mmemkosesha mtu wenu makato yake. Kwa hiyo andikeni thamani juu ya kila karatasi ya dau, itumeni orodha kwenye grupu la WhatsApp siku mbili kabla ili kila mtu awe ameiona, mwekeni mtu mmoja wa kuandika namba ya kibao, kitu, bei na thamani kwenye jedwali moja usiku uleule, kisha barua zitoke kabla Januari haijaisha, kila kitu na mstari wake.